Muziki leba si ganzi jamani

Wiki hii peke yake wajawazito watatu wameniambia kliniki maneno yaleyale, "sista mi nimeshajaza nyimbo kwenye simu, uchungu sitausikia." Utausikia mama. Utausikia vizuri tu.

Kinachouma pale ni kizazi kubana na njia kufunguka, wimbo haugusi hata kimoja. Kazi yake ni kukushika akili usikae unasubiri uchungu ujao, unapumua taratibu badala ya kuhema kama umekimbizwa na mbwa, hofu inashuka, na hofu ikishuka mwili haumwagi adrenalini, homoni ya hofu, ya kuja kuivuruga oksitosini, ile homoni inayoendesha uchungu wenyewe. Ndo maana WHO mwaka 2018 waliutaja muziki kwenye njia za kupunguza maumivu leba. Kupunguza, sijasema kufuta. Kinachonichosha ni mtu kaaminishwa hatasikia kitu, njia ikifunguka sentimita 6 anaona katapeliwa, simu anaitupa, anapaniki, anaanza kusukuma kabla ya wakati, hata mgongo hataki asuguliwe. Aliyekuja anajua itauma na wimbo ni wa kumsindikiza tu huwa ananisumbua kidogo sana. Na dawa ya maumivu ukiihitaji omba, hujafeli mtihani.

Eti lazima ziwe ala za taratibu za kizungu. Nani kasema? Kaswida, kwaya, taarabu, hata singeli kama ndo inakutuliza (mimi ingenipandisha presha ila mzazi si mimi). Muhimu uwe wimbo unaoupenda wewe, sio aliokuchagulia wifi.

Eti muziki wa Mozart, yule mtunzi wa kizungu wa zamani, unampa mtoto akili: utafiti wa 1993 ulioanzisha maneno hayo walipimwa wanafunzi wa chuo, hakuna mimba wala kichanga mle. Toa hizo hedifoni tumboni, sauti yako anaisikia.

Eti muziki unafungua njia haraka. Hapana, kinachosaidia ni kutembea na kukaa wima, sasa kama wimbo ndo utakuinua kitandani, cheza.

Hedifoni vaa sikio moja, la pili niachie mimi maana nikisema "usisukume" nataka unisikie mara ya kwanza. Nyimbo zipakue kabisa usitegemee bando, chaji ijae, mimba ya kwanza kuanzia sentimita 5 inaweza kukupeleka mpaka masaa 12. Na lile spika la blutuuthi liache nyumbani, kitanda cha pili kuna mwenzio naye anaumwa uchungu.