Kuhamisha deni la kadi ya duka si kulilipa
Wengi hudhani wakishahamishia deni la kadi ya duka (kadi ya mkopo inayotolewa na duka) kwenye kadi mpya yenye riba ya 0%, shida imekwisha. Bado. Umenunua muda tu, na muda huo una bei.

Tuseme unadaiwa 1,200 kwa riba ya 30% kwa mwaka. Mwezi wa kwanza pekee riba ni kama 30. Ada ya kuhamisha ikiwa 3%, unaongezewa 36 mara moja, na deni linakuwa 1,236. Ofa ya 0% ikiwa ya miezi 12, gawanya: 103 kila mwezi. Lipa hicho, si kile kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa ya kadi. Kiwango hicho cha chini kitakuacha na salio nono siku riba ya kawaida inaporudi.

Endelea kulipia kadi ya zamani mpaka salio lisome sifuri. Uhamisho huweza kuchukua wiki kadhaa, na riba ya siku za mwisho huja baadaye (watu huisahau, kisha wanapigwa faini). Kadi mpya usiinunulie kitu: mara nyingi ile 0% haihusu manunuzi. Ukichelewa kulipa hata mara moja, ofa inaweza kufutwa.