Kwa nini roboti mcheza soka huanguka, na kwa nini hupotea uwanjani

NAO ni roboti ya umbo la mtu iliyobuniwa Ufaransa na kampuni ya Aldebaran. Kimo chake ni sentimita 58 hivi, uzito kilo 5 na nusu. Mwaka 2008 iliingia RoboCup, mashindano ya kimataifa ya soka ya roboti, katika ligi ambayo timu zote zilichezesha roboti ya aina moja, kwa hiyo aliyeshinda alishinda kwa programu. Mechi ikianza hakuna anayeshika rimoti.

Kazi ngumu kuliko zote ni kutembea. Mguu mmoja ukiinuka, uzito wote hubaki juu ya wayo wa pili, na ncha ya wayo ikikwama kwenye nyasi bandia mwili hulala mbele. Kila wayo una vihisi 4 vya mgandamizo, na kifuani kuna vihisi vya mzunguko na mchapuko (badiliko la kasi). Katika toleo la sita la NAO programu husoma vihisi hivyo kila milisekunde 12 na kurekebisha kifundo cha mguu kabla mwili haujapita mpaka wa wayo. Ikichelewa, roboti iko chini.

Joto nalo husumbua. Roboti ikisimama huku imekunja magoti, mota za magoti hubeba uzito bila kupumzika. Zikipata moto hupunguziwa nguvu, na hatua huanza kuyumba. Dawa yake ni kuinyoosha miguu kila mchezo unaposimama.

Kamera ni mbili, kwenye paji la uso na mdomoni, lakini hazifanyi kazi kama macho yetu: moja hutazama mbali, nyingine karibu na miguu. Umbali wa mpira hukokotolewa kutokana na kimo cha kamera na pembe inayotazamia. Kamera ikiwa sentimita 50 juu ya ardhi, kosa la digrii 1 tu laweza kuufanya mpira ulio mita 3 uonekane umesogea zaidi ya sentimita 30. Ndiyo maana kamera hupimwa upya kwa mistari ya uwanja kabla ya mechi. Asiyepima atapiga hewa.

Kisha kuna suala la magoli. Yote mawili ni ya rangi moja, na mistari ya nusu moja inafanana na ya nusu ya pili. Roboti iliyoanguka na kuinuka ikiwa imegeuka yaweza kushambulia goli lake yenyewe kwa imani kamili. Hapo hutegemea kumbukumbu ya hatua zake, na ujumbe wa wenzake kwa Wi-Fi: wakisema mpira uko upande ule nayo inauona upande huu, ndiyo iliyopotea.