Kabla ya Kununua Ruta Mpya, Chomeka Waya

Intaneti ikianza kusuasua nyumbani, wa kwanza kulaumiwa ni mtoa huduma, wa pili ni ruta. Mara nyingi wote wawili wanasingiziwa. Kumjua mkosaji hakuchukui muda: unganisha kompyuta na ruta kwa waya, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha pima kasi. Ukiipata kasi unayoilipia, huduma ni nzima na tatizo liko hewani. Usipoipata, zima ruta, iwashe, upime tena. Hali ikibaki ileile, mpigie mtoa huduma kabla ya kwenda dukani. Kumbuka tu kwamba vifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 40 kikipakua megabaiti 5 kwa sekunde, hujaibiwa.

Tatizo likiwa hewani, tazama kwanza ruta imekaa wapi. Wengi huificha nyuma ya runinga au ndani ya kabati kwa kuwa haipendezi macho, kisha wanashangaa chumba cha mwisho hakishiki. Ukuta wa zege, jokofu, hata kioo kikubwa cha kujitazamia, vyote huzuia mawimbi. Masafa ya gigahezi 2.4, mojawapo ya njia za hewani ambazo Wi-Fi hutumia, hupenya kuta vizuri zaidi, ila yamesongamana: majirani wamo, Bluetooth imo, na oveni ya maikrowevu nayo hupiga kelele humohumo. Gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini haifiki mbali. Kuipandisha ruta juu, katikati ya nyumba, hakugharimu kitu.

Ziko sababu za kweli za kubadilisha. Kubwa kuliko zote ni mtengenezaji kuacha kutoa masasisho ya usalama. Hapo sioni mjadala, hata kama ruta bado inawaka vizuri. Nyingine ni matundu ya waya yanayoishia megabiti 100 wakati kifurushi chako kimepita hapo, au ruta ya Wi-Fi 4, kiwango cha mwaka 2009. Kwa nyumba nyingi Wi-Fi 6 inatosha. Wi-Fi 7 ni nzuri, lakini haiigeuzi simu ya zamani kuwa mpya.

Siku ya kubadilisha, usichomoe chochote kabla ya kumuuliza mtoa huduma kama laini yako inahitaji jina na nywila ya kuingilia. Kama una faiba, yaani intaneti inayoletwa kwa uzi wa kioo, kile kisanduku kinachopokea uzi wenyewe kiache mahali pake. Ruta mpya ukiipa jina na nywila za mtandao wa zamani, vifaa vingi vitajiunga vyenyewe. Ila kama nywila hiyo ilikuwa 12345678, vumilia usumbufu na uibadilishe. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, ubadilishe pia nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo karibu kila mtu huisahau.

Waya au Wi-Fi? Kanuni yangu ni fupi: kisichohama kipewe waya. Runinga, kompyuta ya mezani, mashine ya michezo. Kwenye Wi-Fi vifaa vilivyo katika chaneli moja hupokezana zamu ya kuzungumza; kwenye waya kila kimoja kina njia yake, na hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukiichomeka runinga kwa waya, na simu zilizobaki hewani hupumua.

Waya wa Cat 5e, daraja la kawaida la waya wa mtandao, hubeba gigabiti 1 hadi mita 100, kwa hiyo usishawishike kununua wa gharama kubwa bila sababu. Cha kuangalia ni uzima wake. Ndani mna nyuzi 8, na gigabiti huzihitaji zote. Megabiti 100 huhitaji 4 tu. Uzi mmoja ukikatika mlangoni unapobanwa kila siku, mara nyingi intaneti haizimiki, bali hushuka kimyakimya hadi 100. Kipimo chako kikigandia karibu na 95 kila mara, badilisha waya kwanza.