Mashindano ya sayansi shule za msingi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Shule ikitangaza maonyesho ya sayansi, swali la kwanza la wazazi wengi, iwe Kampala, Jinja au Arua, huwa ni "Tununue nini?" Najua linatoka kwenye mapenzi. Lakini nyuma yake kuna dhana ambazo huwanyima watoto sehemu tamu kuliko zote, yaani kutafuta jibu ambalo wao wenyewe hawalijui bado.

Dhana: Volkano inayotoa povu ndiyo hushinda

Inapendeza machoni, na mtoto wa P3 (darasa la tatu la msingi) ataifurahia. Ila hilo ni onyesho, jaribio bado. Siki ni asidi, na ikikutana na bekingi soda hutoa hewa ya ukaa, ndiyo povu tunaloliona. Mlima Elgon haukujengwa hivyo. Volkano hulipuka kwa sababu mwamba ulioyeyuka hupanda ukiwa na hewa iliyobanwa ndani yake, na kadiri unavyokaribia juu ndivyo mgandamizo unavyopungua na hewa hiyo kutoka kwa nguvu. Kadibodi iliyopakwa rangi inaonyesha umbo la mlima, haielezi sababu ya mlipuko.

Vifaa vilevile vinaweza kuwa sayansi ya kweli. Siki iwe kiasi kilekile kila mara. Soda iwe kijiko 1, halafu 2, halafu 3. Urefu wa povu upimwe kwa rula na kila kipimo kirudiwe mara tatu. Mtoto atafika mahali ambapo kuongeza soda hakuongezi povu tena, kwa kuwa siki imekwisha kazi yake. Hapo amegundua jambo, na jedwali lake linamshuhudia.

Dhana: Bila maabara hakuna mradi

Maharagwe, udongo wa shambani na ule wa kando ya mto, makopo yaliyokatwa, maji: hayo yanatosha. Kinachotakiwa ni kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha mengine yote kama yalivyo. Mtoto aliyeweka kopo moja juani na jingine kivulini, kisha akalimwagilia moja zaidi ya lenzake, hawezi kujua kama mmea ulikua kwa sababu ya jua au ya maji. Majaji huliona kosa hilo upesi kuliko rangi ya bango.

Dhana: Tuliloonyeshwa Kayabwe tayari ni sayansi

Hapa nataka tukae kidogo, maana watoto wengi wa Uganda wamepelekwa kwenye mstari wa ikweta ulioko Kayabwe, barabara ya Masaka. Beseni likiwekwa upande wa kaskazini, maji huzunguka kuelekea upande mmoja yakitoka tunduni. Likivushwa kusini hugeuka. Likiwa juu ya mstari hushuka moja kwa moja. Watoto hurudi shuleni wakiamini kuwa mzunguko wa dunia ndio uliofanya hivyo.

Ni kweli mzunguko wa dunia hupindisha njia ya pepo na mikondo ya bahari, na dhoruba kubwa za kaskazini huzunguka kinyume na zile za kusini. Lakini athari hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na juu ya mstari wenyewe haigeuzi maji hata kidogo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, mbali sana na ikweta, alihitaji tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 na maji yaliyotulia saa 24 ndipo aione. Ukisimama mita 30 kutoka kwenye mstari wa Kayabwe, athari hiyo ni ndogo zaidi ya mara 100,000 kuliko ilivyokuwa pale kwake. Kinachozungusha maji ya beseni ni namna yalivyomiminwa, mkono uliolishika, na umbo la tundu lenyewe.

Sasa fikiria mradi wa P6 unaoanzia hapo. Beseni moja, tundu moja katikati, kizibo. Maji yamiminwe upande wa kulia mara kumi, upande wa kushoto mara kumi, kisha mara kumi mengine yaachwe kutulia usiku kucha. Aandike yalizunguka wapi kila mara. Hahitaji nauli ya kwenda Kayabwe, na atakuwa amepima jambo ambalo watu wazima wengi wamelikubali bila kulijaribu.

Dhana: Matokeo yakienda kinyume, mtoto ameshindwa

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, alitia mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri aliyetoka Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo. Basi mtoto akikuletea daftari lenye jibu asilolitarajia, usimfutishe. Mwambie arudie, na kama jibu ni lilelile aliandike hivyohivyo.

Dhana: Ni kupoteza muda wa PLE

Sayansi ni moja ya masomo manne ya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Aliyefunga waya, betri na balbu kwa mikono yake hahitaji kukariri kwa nini balbu haiwaki mzunguko ukikatika.

Dhana: Mzazi akitengeneza, mtoto atang'aa

Jaji mzuri haongei na bango, anaongea na mtoto. Nimesikitika kila nilipomwona mtoto amesimama kando ya kazi nzuri ya fundi, macho chini, kwa sababu hakuna anachoweza kuieleza. Kazi ya mzazi ipo: kushika kisu na moto, kutafuta makopo, na kuuliza. Ulibadilisha nini? Uliacha nini vilevile? Ulirudia mara ngapi? Ulitegemea nini, ukaona nini? Na amwache ajibu kwanza kwa lugha anayoitumia nyumbani, iwe Kiswahili, Luganda au Lugbara. Kiingereza cha kumweleza jaji kitafuata, mwalimu atasaidia, lakini hakuna wa kumsaidia kueleza jaribio ambalo hakulifanya.