Je, wajua kwa nini mstari unaoujua kwa moyo ndio unaoupita bila kuusoma?

Biblia ikianza kuzoeleka baada ya miaka kadhaa, wengi hutafuta ratiba mpya. Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini hilo halitoshi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukitaka kuimaliza kwa mwaka, ni sura 3 kwa siku na siku nyingine 4. Ruka siku 5 tu, unadaiwa sura kama 16. Kuanzia hapo husomi tena, unalipa deni, na macho yanakimbilia mwisho wa sura. Ratiba hupanga usome nini na lini. Haigusi namna jicho linavyosoma, na tatizo mara nyingi liko hapo. Wanaojilaumu kwamba wamepoa kiroho huenda wanajionea bure.

Msomaji mzoefu hatui kwenye kila neno. Vipimo vya mwendo wa macho vimeonyesha kwamba maneno mafupi na yanayotabirika hurukwa mara nyingi, akili ikiyajaza yenyewe. Ni kama wimbo uliouzoea: kiongozi akitoa maneno mawili, mdomo wako umeshafika kwenye kiitikio. Vipimo hivyo havikuhusu Maandiko hasa, lakini unaweza kujipima mwenyewe.

Andika Wafilipi 4:13 kwa kumbukumbu, kisha fungua Biblia ya Muungano ya 1952: “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.” Ikiwa umeandika “Kristo” palipochapwa “yeye”, akili yako imejibu swali ambalo macho hayajaliuliza. Sasa rudi mstari wa 12. Paulo anasema amefundishwa “kushiba na kuona njaa”. Kumbe ndani ya hayo “mambo yote” njaa nayo imo! Mstari uliokuwa umelala unaamka kwa kusogea mstari mmoja nyuma. Namba za mistari ndizo zinazotuzoesha kuukata peke yake, nazo ziliingia katika Agano Jipya mwaka 1551 kwa mkono wa mpiga chapa Robert Estienne. Paulo alituma barua nzima.

Basi isome Wafilipi yote kwa sauti, kwa mkao mmoja: sura 4, mistari 104, dakika 15 hadi 20. Kuanzia kesho yake nakili kwa mkono mistari 5 au 6 kila siku, bila namba. Usizidishe, maana mkono ukichoka huandika kwa mazoea. Linganisha na kitabu, upigie mstari kila neno ulilokosea; hapo ndipo ulipokuwa ukikisia. Tafsiri ya pili ingoje wiki ya pili, la sivyo utapambanisha misamiati kabla hujaisikia hoja.

Zaburi ya 119 ndiyo usiisome kwa mkao mmoja. Mistari yake 176 imepangwa katika mafungu 22 ya mistari 8, na katika Kiebrania mistari yote ya fungu moja huanza kwa herufi ileile. Fungu moja kwa siku linatosha.