HIT: heparini inapogandisha damu

Mgonjwa wa figo akiunganishwa kwenye mashine ya dayalisisi, damu yake huzunguka kwenye mirija na chujio kwa saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Isipozuiwa, itaganda humo. Ndiyo maana huchomwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Madhara yanayofahamika zaidi ni kuvuja damu: sindano ikitolewa kwenye fistula (mshipa wa mkono uliounganishwa kwa upasuaji ili utumike kwa dayalisisi), tundu linachelewa kuziba. Hapo dozi hupunguzwa, au heparini husimamishwa mapema kabla mashine haijamaliza. Hali ikiwa mbaya, kuna protamini ya kuibatilisha.

Tatizo gumu zaidi ni lile linaloandikwa HIT kwenye faili, yaani upungufu wa chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) unaosababishwa na heparini. Heparini hushikana na protini itokayo kwenye chembe sahani, na baadhi ya watu miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya muungano huo. Kingamwili hizo huziamsha chembe sahani, nazo zinagandamana na kupungua. Kwa kawaida chembe sahani zikipungua tunaogopa kuvuja damu. Hapa hofu ni mabonge ya damu, mguuni, mapafuni au kwenye fistula yenyewe.

Idadi ya chembe sahani ikishuka kwa nusu au zaidi, kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu heparini ianze, HIT ishukiwe. Wakati mwingine mashine ndiyo hutangulia kusema: chujio linaganda ingawa dozi ilitosha. Kishawishi ni kuongeza heparini, na hilo ndilo kosa la hatari.

Heparini yote husimamishwa, hata ile kidogo inayoachwa ndani ya katheta ya shingoni (mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa) baada ya dayalisisi. Hiyo husahaulika sana. Kuhamia enoxaparini, aina nyingine ya heparini, hakusaidii, kwa kuwa kingamwili zilezile huitambua. Argatrobani, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, inafaa zaidi kwa watu hawa kwa sababu huondolewa na ini, si figo. Warfarini, dawa ya vidonge ya kuzuia kuganda, husubiri mpaka chembe sahani zifike angalau 150,000 kwa maikrolita. Ikianzishwa mapema inaweza kuozesha ngozi au kiungo.

Mgonjwa aandikiwe kwenye kadi yake kwamba hapewi heparini, na akihamia kituo kingine awaambie wauguzi kabla hawajaandaa mashine, maana wengine huisafishia mirija kwa maji yenye heparini.