Hadithi za kesho isiyomwacha mtu nje: yanayodhaniwa na ukweli wake

Walimu, wasimamizi wa maktaba na viongozi wa vikundi vya vijana wamekuwa wakitumia hadithi kuwasaidia vijana kuiwazia jamii yenye nafasi kwa kila mtu: mwenye ulemavu, msichana, mhamiaji, maskini, anayezungumza lugha ya wachache. Ni kazi ninayoifanya na kuipenda. Ndiyo maana inaniuma kuona ikiharibiwa na mawazo machache yanayosikika kuwa ya busara mpaka uyakague.

"Hadithi ni burudani. Kinachobadilisha jamii ni sheria na takwimu."

Sheria ni muhimu, hilo halina ubishi. Lakini mtu huitii au huikwepa sheria kwa kutazama wenzake wanafanya nini, na hapo ndipo hadithi inapoingia. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia Rwanda vikundi vya watu waliosikiliza pamoja kwa mwaka mzima mchezo wa redio uitwao Musekeweya, unaohusu jamii mbili jirani zilizotumbukia katika uhasama. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanafikirisha. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona mambo yanayokubalika katika jamii yao, na hata mwenendo wao: walikuwa tayari zaidi kutoa maoni yanayopingana na ya wengine na kushirikiana.

Kwa mwezeshaji hapa pana somo kubwa. Hadithi inayosomwa kimyakimya na kijana mmoja ina faida zake, lakini ikisomwa kwa kundi na kubishaniwa, kila mmoja anaona kwa macho yake kwamba mwenzake pia anaikubali kesho ile.

"Vijana ni wabunifu kwa asili. Wape kalamu na karatasi, watajua wenyewe."

Ubunifu wanao, ila haujengi kwa hewa tupu. Mwaka 2007 watafiti wa University College London, wakiwemo Demis Hassabis na Eleanor Maguire, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliopoteza uwezo wa kukumbuka matukio baada ya sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi kuharibika. Walipoombwa kuwazia jambo jipya, kwa mfano wamelala kwenye mchanga wa ufukweni, wengi wao hawakuweza kujenga picha iliyoshikamana. Walitoa vipande tu. Inavyoonekana, ubongo huitengeneza kesho kwa mali ghafi ileile ya jana.

Sasa tazama mali ghafi waliyopewa vijana. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilipofanya hesabu ya mwaka 1985, kati ya vitabu takriban 2,500 vya watoto vilivyotoka Marekani mwaka huo, vya waandishi na wachoraji Weusi vilikuwa 18. Uingereza, hesabu ya vitabu vya watoto vya mwaka 2017 iliyofanywa na Centre for Literacy in Primary Education ilionyesha kuwa 1% tu ndivyo vilivyokuwa na mhusika mkuu Mweusi, Mwasia au wa jamii nyingine za wachache. Kijana aliyelelewa na rafu ya vitabu ya namna hiyo ukimwambia awazie kesho, atakuletea ile aliyokwisha kuisoma, na huenda yeye mwenyewe hayumo. Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kalamu: wasome, wasikilize na watazame maisha ya watu wengi tofauti, tena watu wanaopika, wanaogombana na kuchekeshana, wasiwe watu wa kuhurumiwa tu.

"Ukishaweka mhusika mwenye ulemavu, hadithi imekuwa jumuishi."

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wenye nia njema wanapopotea.

Waombe vijana waandike hadithi ya mwaka 2060 yenye mhusika asiyeweza kutembea. Nyingi zitaishia mahali pamoja. Sayansi imepiga hatua, mhusika amefungwa mashine miguuni, anasimama, watu wanapiga makofi. Isome tena taratibu. Ngazi za jengo bado ziko vilevile, mlango ni uleule mwembamba, na watu wenye ulemavu wamekaribishwa kwa sharti la kutoweka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, karibu 16% ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa. Kesho inayowafuta watu wote hao haiwezi kuitwa ya wote.

Swali ninalolitumia ni hili: ni kitu gani kimebadilika mahali pale? Linamwondoa mwandishi kwenye mwili wa mhusika na kumpeleka kwenye madirisha, ratiba, kanuni na mazoea ya watu. Msichana mmoja katika kundi nililoliongoza alikuwa ameandika kuhusu mvulana kiziwi aliyetiwa kifaa sikioni akaanza kusikia. Baada ya swali hilo aliandika upya. Sasa darasa lilikuwa na madawati yaliyopangwa kwa duara, kwani usipoiona mikono ya mwenzako huwezi kufuata mazungumzo. Kengele ilikuwa taa inayowaka na kuzimika. Na siku mwalimu mgeni alipofika, asiyejua lugha ya alama, wanafunzi walimtafutia mkalimani na kumhakikishia kuwa ataizoea. Mvulana yule hakubadilika hata kidogo; iliyobadilika ni dunia inayomzunguka.

Anayesema hayo ni ndoto za kitoto aambiwe kuhusu Martha's Vineyard, kisiwa cha Marekani ambako kwa vizazi vingi, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi walizaliwa viziwi kwa kurithi. Katika mji wa Chilmark kuna wakati ilikuwa takriban mtu 1 kati ya 25. Wanaosikia nao waliijua lugha ya alama tangu utotoni, wakaitumia nyumbani na kazini, hata pale ambapo hapakuwa na kiziwi. Mwanaanthropolojia Nora Ellen Groce aliwahoji wazee wa kisiwa hicho na kuchapisha kitabu mwaka 1985. Alipomuuliza mkazi mmoja mzee kuhusu wanaume wawili wa zamani, alichokikumbuka kwanza ni kwamba walikuwa wavuvi hodari. Mpaka alipoulizwa moja kwa moja ndipo akakumbuka kuwa wote wawili walikuwa viziwi. Nikiwasimulia vijana habari hii huwa wanauliza maswali mengi kuliko wakati mwingine wowote, na kila swali linaweza kuwa mwanzo wa hadithi.

"Kesho njema ionyeshwe bila matatizo, tusiwavunje moyo."

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani, amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, wahitimu wa chuo kikuu waliojifurahisha zaidi kwa ndoto tamu za kupata kazi walikutwa, miaka miwili baadaye, wametuma maombi machache, wamepata nafasi chache na wanalipwa kidogo. Picha tamu peke yake hulegeza nguvu. Kinachosaidia ni kuiweka picha hiyo sambamba na kikwazo kilicho njiani.

Kwa bahati nzuri hadithi isiyo na kikwazo ni mbaya pia kama hadithi. Basi waulize waandishi wako: nani alipinga? Nani alipoteza upendeleo wake? Pesa zilitoka wapi? Napenda hasa kuwaona wakiandika kikao chenyewe, mzee mmoja akisema bajeti haitoshi, mwingine akiangalia saa, na anayetumia kiti cha magurudumu akisubiri nje kwa kuwa chumba cha kikao kiko ghorofani.

"Wasimulie yaliyowapata wenyewe, huko ndiko kwenye ukweli."

Akitaka mwenyewe, sawa. Lakini kumsimamisha kijana aliyebaguliwa aeleze maumivu yake mbele ya kundi ili wengine wajifunze ni kumtwika mzigo ambao hakuuomba. Mhusika wa kubuni anampa mahali pa kusimama bila kuanikwa. Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia wa Brazili, aliliona hili vizuri alipobuni katika miaka ya 1970 aina ya maigizo iitwayo jukwaa huru: tukio la uonevu linaigizwa, kisha linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama", akaingia badala ya anayeonewa na kujaribu njia nyingine. Anayeijua hali ile kwa kuwa ameiishi anaingia kama mtu mwingine yeyote, na hakuna anayelazimika kujua zaidi ya hapo.

"Lazima wajue kuandika vizuri."

Hapana. Ukidai insha peke yake umeshawatoa nje wale uliosema unawakaribisha. Wasimulie kwa mdomo, kwa alama, kwa michoro, kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu.

"Ukiwa na nia njema unaweza kuandika kuhusu mtu yeyote."

Nia njema ndiyo iliyoandika ile mashine ya miguuni. Vijana wengi wamezoea kumalizia kwa sentensi za upendo na usawa kwa sababu wanajua mtu mzima atazisifu, na sentensi hizo huficha mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Hayaonekani mpaka asome mtu anayeishi hali hiyo. Kama kundi linaandika kuhusu viziwi na halina kiziwi, mwalikeni mmoja aipitie rasimu mapema, wakati bado inaweza kubomolewa, awe na mkalimani wake, na alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote mnayemwita.